Keria ya Baba Mdogo

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kununua lile gari. Alilizunguka, akagonga milango, akalala chini kutazama fremu, akasikiliza injini huku amefumba jicho moja, na mwishowe akasema analichukua, ila ile keria ya juu haitaki, tuiondoe. Baba akamjibu kwamba hakuna shida. Nikaenda kuleta spana. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, ikabidi tuzikate, na grenda ilipogusa chuma harufu ikapanda, ya chuma kinachoungua na rangi nyeusi kuukuu. Nikasimama pale pale nimeshika waya wa grenda. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, na hapakuwa na mtoto mwenye furaha kunizidi Sharpstown nzima, mtaa wetu wa hapa Houston.

Nilifurahi kwa sababu sikujua. Niwaambie mapema, msije mkahangaika kama nilivyohangaika mimi: ile keria baba yangu aliijenga ili juu yake ambebe mdogo wake atakapokufa. Mimi nilidhani tunakwenda kupiga kambi.

Wenzangu mliokuwa watoto mwaka ule shule zilipofungwa kwa korona, watu wakawa wanapishana kwa woga kwenye ngazi, mnakumbuka jinsi siku zilivyofanana. Sisi tulikaa ghorofani, na chini kulikuwa na maegesho yenye paa la bati ambako gari lile lilikuwa limekaa muda mrefu. Lilikuwa la four-wheel, la kizamani, mraba kila upande, kijani iliyofifia, na viti vyake vilinuka mbwa wa mwenye nalo wa kwanza. Halikuwa letu. Lilikuwa la Baba Mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, ndugu pekee aliyekuwa naye nchi hii. Alilinunua enzi anaishi nasi, analala kwenye kochi letu miguu ikiwa nje. Alipopata kazi ya ghalani huko Fort Worth akaondoka na kigari kidogo cha kwendea kazini, hili akatuachia pamoja na ahadi. Siku moja tungekwenda nalo Big Bend, mbuga ya kule mwisho kabisa wa Texas ambako, alisema, nyota ni nyingi kama mchanga. Mimi na yeye tungekaa mbele. Baba na mama wangekaa nyuma kwa sababu, kwa maneno yake, hao wawili hata kwenda Missouri City hapo jirani wanapotea.

Aliniita bosi. Ningepiga simu angepokea hivi: "Bosi, nimekosa nini leo?" Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema anachochekea, na mimi nikamwamini kwa kila kitu.

Kisha akaugua. Niliambiwa tumbo linamsumbua. Kwenye simu nilimwona anakonda, macho yake yana rangi ya njano, nikadhani ni taa za hospitali. Wageni walikuwa hawaruhusiwi kuingia wodini siku zile, kwa hiyo tulikuwa tunamwona humo humo kwenye kioo cha simu, mama akiishikilia kwa mikono miwili kama anayebeba uji wa moto.

Baba alikuwa fundi wa matengenezo hotelini. Hoteli ilikauka wageni, wakamwambia asubiri nyumbani hadi wamwite. Sijapata kumwona mtu anayeteswa na kukaa bure kama yeye. Alikaza kila skrubu ya nyumba ile, akatengeneza bomba lisilovuja, likaanza kuvuja. Halafu asubuhi moja akapanda ngazi akikokota fremu ya kitanda aliyoikuta kwenye dampsta, lile pipa kubwa la taka. Miezi ile watu wengi walihama, na wakihama walitupa vitanda. Kesho yake akaleta nyingine. Mama akamtazama tu, akaendelea kukanda unga.

"Unafanya nini na vitanda vya watu?" nilimuuliza.

"Nataka kulitengenezea keria gari la baba yako mdogo."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilikuwa nimetazama video za watu wanaokwenda porini na magari kama lile, keria juu, hema juu ya keria, wanakunywa kahawa na jua linachomoza. Nikajua Baba Mdogo anapona, na sisi tunasafiri. Nikashuka ngazi mbio kwenda kulifuta gari vumbi.

Habari ya babu nilikuja kuisikia baadaye, lakini niiweke hapa hapa. Kwetu ni Upareni, juu milimani, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha gari la kawaida halisogei. Babu alifia hospitali ya mjini, na ikakodishwa gari la four-wheel la kumpandisha nyumbani. Jeneza likafungwa juu ya keria, na baba na mdogo wake wakapanda kukaa nalo huko juu, kwa sababu kwetu maiti hasafiri peke yake. Lazima damu yake iwe karibu, na lazima aambiwe njia: sasa tunavuka mto, sasa tunapita kanisani, sasa tumekaribia kwako. Lakini keria ilikuwa fupi. Jeneza lilitokeza nyuma, na kwenye kona moja ya mlima kamba ikalegea, likaanza kuteleza. Baba alishika upande mmoja akapiga kelele dereva asimame, ila dereva hakusikia. Baba Mdogo, kijana mdogo ambaye hajaota hata ndevu, akajilaza kifudifudi juu ya jeneza la baba yake, akakumbatia vyuma kwa mikono na miguu, akakaa hivyo mpaka nyumbani. Walipofika, nguo zake zote ni matope, akamwambia baba: "Kaka, mimi nikifa usinipakie kwenye keria fupi." Na baba akamwahidi kwamba atamtengenezea yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na atambeba yeye mwenyewe.

Huko ndiko vitanda vilikotokea. Daktari alishawaambia hakuna la kufanya tena. Ndege za kwenda nyumbani zilikuwa zimesimama, Upareni hakufikiki, na baba akaamua kwamba kwao Baba Mdogo ni pale alipo kaka yake. Angemleta Houston. Kilichobaki ni keria.

Mama alijua haitawezekana. Alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa kule Pearland, na alishaona mara nyingi jinsi marehemu wa huku wanavyoondoka. Siku moja nikiwa nachora mezani nilimsikia akimwambia baba, taratibu, "Mwenzangu, hapa siyo kwetu Same. Hawatakupa."

"Nitaongea nao."

"Utaongea nao, sawa. Lakini hawatakupa."

Nilidhani wanazungumzia kibali cha kuingia Big Bend. Baba alipotoka nikamuuliza mama kwa nini asi-apply online kama watu wengine. Mama akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja chenye unga. "Mwache baba yako," akasema. "Akikaa bure atapasuka."

Kwanza alipima. Akajilaza chali kwenye saruji chini ya lile paa la bati, mikono ubavuni, akaniambia nichore mstari kwa chaki juu ya kichwa chake na mwingine chini ya visigino. Nikachora. Akaamka, akaongeza shubiri moja kila upande, akasimama akaitazama ile mistari huku ameshika kiuno. Mimi nikajilaza katikati yake, nikafumba macho, nikajifanya nakoroma. Hicho ndicho kitanda chetu cha porini, niliwaza. Baba akanishika mkono, akaninyanyua kwa nguvu kiasi kwamba bega liliuma. "Usilale hapo, mama," akasema. Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikaona amekasirika, sikuelewa kwa nini, nikaenda kukaa kwenye ndoo yangu.

Chuma cha vitanda ni kigumu sana, asikudanganye mtu. Baba alivunja ncha za drili, moja baada ya nyingine, akitukana kwa Kipare nisielewe, nami nikaelewa yote. Mwisho akaja Baba Chantal, jirani yetu wa chini, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na sasa anachomelea matrela kiwandani. Alisimama pembeni, barakoa kidevuni, akatazama kwa muda.

"Ndugu," akasema, "hii chuma ya kitanda haitaki kutobolewa. Hii inataka moto. Tuipeleke kwa rafiki yangu, iko na mashine."

Ikawa kila siku tunakwenda uani kwa huyo rafiki yake, karibu na barabara ya Bissonnet, ambako magari mabovu yalikuwa yamepangwa kama ng'ombe. Baba anakata, Baba Chantal anachomelea, mimi nimekatazwa kutazama ule mwanga, natazama vivuli vyao ukutani. Miguu ya keria ilibana kwenye mfereji wa maji ya mvua unaozunguka paa la gari. Baba alitaka miguu mingi, mingi kuliko inavyohitajika. Baba Chantal akamuuliza anataka kubeba nini, trekta? Baba akamvuta kando, wakasema maneno mawili matatu. Baba Chantal akarudi, akavua kofia, akaivaa tena, na tangu hapo kila alichoambiwa aongeze aliongeza bila kuuliza.

Keria ilikuwa karibu kuisha, imeshapakwa rangi, siku nilipompigia Baba Mdogo mwenyewe. Mama alikuwa kazini na simu yake ya pili alikuwa ameiacha mezani. Nikaenda nayo kule uani kwa rafiki wa Baba Chantal, nikajificha nyuma ya magari mabovu. Ilikuwa siri, na siri ilinishinda.

"Bosi," akasema. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba. "Nimekosa nini leo?"

"Baba anakujengea keria. It's a surprise, so usimwambie. Ya kuweka juu ya gari lako. Tunaenda, Baba Mdogo. All of us."

 Nilidhani mtandao umekata, nikawa natikisa simu.

"Keria," akasema.

"Ya vitanda. Very strong. Baba Chantal amechomelea."

"Ina urefu gani, bosi?"

"Ndefu. Baba amelala chini nikampima, halafu akaongeza hivi na hivi."

Hapo akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, akakohoa, akacheka tena. "Amejipima yeye," akasema. "Baba yako tangu utoto anasema tuko sawa urefu. Mwambie aache ubishi. Mwambie mimi nimemzidi, aongeze kidogo."

"Aongeze how much?"

"Yeye anajua. Na wewe, bosi, utakaa mbele. Umesikia? Usikubali wakuweke nyuma."

Nikaahidi. Nikaenda moja kwa moja kwa baba, siri nimeshaisahau, nikampa ujumbe kama nilivyopewa: Baba Mdogo anasema uache ubishi, yeye ni mrefu, uongeze kidogo. Baba alikuwa ameshika tepu ya kupimia. Ikajirudisha ndani yenyewe kwa kishindo. Akakaa chini kwenye udongo wenye mafuta, na Baba Chantal akazima mashine, akaja akakaa karibu naye.  Nikarudia, nikidhani hawakusikia. Baba akasema, "Nimesikia, mama. Tutaongeza." Mchana ule ule wakakata nyuma ya keria wakaongeza kipande.

Alifariki wiki hiyo, asubuhi, rangi ya kile kipande ikiwa imekauka. Niliambiwa nikiwa kitandani. Nililia, na katikati ya kulia nikauliza kama bado tunakwenda. Mama akanishika uso, akasema tunakwenda Fort Worth kumchukua.

Keria tupu hulia barabarani, sijui kama mnajua. Upepo ukipita kwenye vyuma vitupu unapiga mluzi, na kadiri gari linavyokimbia mluzi unapanda. Kutoka Houston hadi Fort Worth ililia njia nzima. Mama aliziba sikio la upande wa dirisha. Baba aliendesha bila kuwasha redio, na mimi nilikaa mbele, kwa kuwa nilikuwa nimesema lazima, na mama akanipisha bila kuuliza.

Pale kwenye nyumba ya mazishi alitoka mama mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima, suti nyeusi, barakoa nyeusi, sauti ya upole. Baba alimweleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha hotelini kwamba amekuja kumchukua mdogo wake. Akamwonyesha keria. Akamwonyesha mikanda ya kufungia mizigo, mipya, aliyoikunja vizuri. Akamweleza kuhusu babu na ile kona ya mlima, akaonyesha kwa mikono jinsi jeneza lilivyoteleza. Hapo ndipo mimi nikaelewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nimeshika mkoba wake. Niliitazama keria niliyoifuta vumbi kila jioni, nikaona ule urefu, nikaona kile kipande cha kuongeza.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya chuma.

"Wewe ndiye uliyeijenga?"

"Mimi."

"Imejengwa vizuri," akasema. "Lakini siwezi, bwana. Atasafiri ndani ya van yetu, na siku hizi hata kukuruhusu ukae naye humo siwezi. Naendesha mimi mwenyewe. Nitakwenda mwendo wako. Wewe kaa nyuma yangu, sitakuacha njiani."

Baba alibaki ameshika ule mkanda. Nilisubiri abishane, maana baba yangu alikuwa mbishi wa kubishana hata na mashine ya kulipia maegesho. Hakubishana. Mama akamtoa mkanda mkononi, kidole kimoja kimoja. Yule mama akasema zinahitajika nguo za kumvisha, tukazilete, kisha tutaondoka.

Tukaenda alikokuwa anaishi. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimetandikwa, bado kinanuka mafuta yake ya kichwa. Mama alifungua kabati kutafuta suti. Suti ilikuwa hapo, na chini yake kulikuwa na hema ndani ya boksi lake, jiko dogo la gesi, viti vya kukunja, na mifuko ya kulalia imeviringishwa. Mitatu ilikuwa mikubwa. Mmoja ulikuwa mdogo, wa zambarau, rangi niliyokuwa nikiipenda miaka ile, na kibandiko cha dukani bado kinaning'inia.

Baba alikaa kwenye kile kitanda akaupakata ule mfuko mdogo. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na sijawahi kusikia sauti ile tena. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesimama nikiwaza kwamba mfuko huu unanienea sasa hivi, na mwakani hautanienea.

Alipomaliza akanawa uso, akabeba kila kitu mara moja moja hadi chini. Akavipanga juu ya keria, akavifunga kwa mikanda yote aliyokuja nayo, hata isiyohitajika, akaivuta mpaka ikawa ngumu kama ubao. Akapanda juu ya bampa, akalitikisa hema, halikusogea. "Haya," akasema.

Tulirudi tukiifuata ile van. Yule mama alitimiza neno lake. Taa za barabarani zikimruhusu yeye zikatuzuia sisi, alikuwa anasimama pembeni na kutusubiri. Na keria haikulia. Ilikuwa na mzigo. Nje ya mji baba akashusha kioo, akasema kwa sauti ya kawaida, akiitazama van, "Mdogo wangu, tumetoka Fort Worth."  Baadaye akasema, "Hapa ni Ennis." Baadaye tena, "Corsicana hii. Tuko nyuma yako." Mama nyuma alikuwa akiomba kwa midomo tu.

Baada ya Corsicana akapandisha kioo chake, mji uliofuata ukatupita bila neno. Basi mimi nikashusha kioo changu. "Madisonville, Baba Mdogo," nikasema. Kiswahili changu kilikuwa kibovu siku zile, kila nikiulizwa nilijibu kwa Kiingereza, lakini hiki sikutaka kukisema kwa Kiingereza. "Sasa ni Huntsville. Kuna miti mingi. Mimi niko mbele."

Tulipokaribia Conroe nikamuuliza baba, "Baba Mdogo alijua? Nilipomwambia?"

"Alijua," akasema. "Ndiyo maana alitaka iongezwe."

Tulimzika kwenye nyasi zilizokatwa vizuri mno, watu wachache waliosimama mbalimbali kama sheria ilivyotaka. Hapakuwa na sufuria kubwa, hapakuwa na watu wa kulala nyumbani kwetu, na Baba Chantal ndiye aliyeanzisha wimbo. Big Bend hatukwenda. Nimekwenda mwenyewe nikiwa mkubwa, peke yangu, na nyota zilikuwa kama alivyosema. Sikuzifurahia.

Gari baba hakuliendesha mbali tena. Alilifulia viti, akaenda nalo sokoni, akaja nalo kwenye mahafali yangu, na daima na ile keria tupu inayopiga mluzi, mpaka majirani wakawa wanajua anarudi kabla hajaonekana. Sasa magoti yanamsumbua, hapandi gari refu, na ndiyo sababu ya kuliuza.

Yule kijana alipoondoka nalo wiki iliyopita, keria ilibaki chini, kwenye saruji ileile, miguu yake juu. Ilionekana ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Kile kipande cha kuongeza bado kinajulikana, rangi yake haijawahi kulingana na nyingine. Nikamwambia baba kwamba kuna watu wanaopita kukusanya vyuma chakavu, nitawapigia waje.

"Usiitupe," akasema.

"Tutaiweka wapi, Baba? Na gari hatuna tena."

Aliisogelea kwa mwendo wake wa sasa, wa kuchechemea, akapitisha kiganja kwenye chuma toka mwanzo hadi kwenye kile kipande cha mwisho.

"Mdogo wangu kweli alikuwa amenizidi urefu," akasema. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akikubali. "Mimi nitaenea vizuri tu."

Najua haiwezekani. Na yeye anajua, alishaambiwa mbele yangu kule Fort Worth. Nilitaka kusema hivyo, nikamtazama usoni. Nikamwambia sawa, Baba, nitatafuta gari. Nikainama nikashika upande wangu, yeye akashika wake, tukainyanyua.